Kalenda ya Linux na Gharama ya Intaneti Kampala

Historia ya Linux katika kompyuta za mezani kwa kawaida husimuliwa kupitia waandishi wake: nani alianzisha mfumo upi, lini, na kwa falsafa gani. Ukiitazama kutoka Kampala, inabidi uanzie kwingine. Programu zenyewe zilikuwa bure tangu mwanzo. Kilicholipiwa ni kuzifikisha. Kwa hiyo waliopanga masasisho yatoke lini, yawe na ukubwa gani na yadumu miaka mingapi walikuwa pia wakiamua, wajue wasijue, nani nchini Uganda ataweza kuutumia mfumo wao kwa usalama. Naamini mambo mawili ndiyo yaliyoifanya Linux itumikike huko: matoleo yanayohudumiwa kwa miaka mingi, na seva za nakala zilizo ndani ya nchi. Mipango ya miaka ya karibuni imeanza kuyadhoofisha yote mawili.

Uganda haina pwani. Mapema miaka ya 1990 barua pepe za Chuo Kikuu cha Makerere zilikusanywa na kupelekwa ng'ambo kwa mafungu kupitia simu. Baadaye watoa huduma walitegemea setilaiti. Kabla kituo cha kubadilishana data, UIXP, hakijaanza mwaka 2001, hata ujumbe wa kutoka mtaa mmoja wa Kampala kwenda mwingine uliweza kuzunguka ng'ambo kabla ya kufika. Ubuntu ilipozaliwa Oktoba 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliahidi toleo jipya kila miezi sita. Ahadi hiyo ilikuwa na sababu nzuri, kwani Debian, iliyokuwa msingi wake, ilichukua karibu miaka mitatu kutoka toleo la Julai 2002 hadi lile la Juni 2005. Lakini toleo moja lilijaza CD nzima, na kuipakua kwa setilaiti kulikuwa kazi ghali. Kampuni ya Canonical ilijibu kwa huduma ya ShipIt, ambayo kuanzia 2005 hadi 2011 ilituma CD bure kwa posta. CD ilitatua tatizo la kusakinisha, si la kusasisha: tangu siku ilipochomwa, programu zilizomo zilikuwa zimeanza kuzeeka.

Ufumbuzi wa kweli ulitokana na mpangilio wa kalenda. Toleo la 6.06, lililoahirishwa kwa wiki sita hadi Juni 2006 ili likamilishwe vizuri, liliahidi miaka mitatu ya huduma kwenye kompyuta za mezani. Kuanzia toleo la 12.04 miaka hiyo ikawa mitano. Taasisi kama Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs cha Nkozi, ambacho katika miaka ya 2000 kilihamia programu huria hatua kwa hatua, haingeweza kubadilisha maabara nzima mara mbili kwa mwaka. Chuo cha namna hiyo kinahitaji mfumo unaotulia huku viraka vya usalama pekee vikiingia. Linux Mint nayo ilifuata mantiki hiyo mwaka 2014, ilipoamua kuanzia toleo la 17 kujengwa juu ya matoleo ya muda mrefu tu. Wapo wanaosema kukaa na programu za zamani ni kujiweka hatarini. Hoja hiyo inachanganya upya na usalama. Kiraka kidogo huziba tundu bila kuleta programu mpya nzima, na kiraka kinachoweza kupakuliwa kina faida zaidi kuliko toleo jipya linaloahirishwa kila mwezi kwa kukosa bando.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kebo za baharini zilimaliza tatizo. Ni kweli kwamba SEACOM ilipofika Julai 2009, ikifuatiwa na nyingine, intaneti ilianza kuwa nafuu na ya kasi zaidi. Hata hivyo mtu wa kawaida Kampala bado hununua data kwa kipimo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikapisha ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Ndiyo maana seva ya nakala ya RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa 2006, ni muhimu: maabara huchukua vifurushi vya Linux humu humu nchini, bila kuvuka bahari.

Mpango wa sasa unaelekea kwingine. Mwaka 2011 Mozilla ilianza kutoa kivinjari kipya cha Firefox kila baada ya wiki sita hivi, na Ubuntu ikakubali kuipeleka nzima hata kwenye matoleo yake ya muda mrefu, ilhali baadaye Debian ilichagua tawi la Firefox linalobadilika polepole. Kisha katika toleo la 22.04, mwaka 2022, Firefox ya Ubuntu ikaja kama snap, aina ya kifurushi kinachotoka kwenye duka moja la Canonical ambalo seva za umma kama ya RENU haziwezi kulinakili. Watetezi wake husema snap hupakua tofauti tu kati ya matoleo, na kwamba mtumiaji anaweza kuzuia masasisho yake. Ni kweli, lakini watumiaji wengi hubaki na mipangilio waliyoikuta, na mipangilio hiyo hutafuta masasisho mara nne kwa siku.

Jumuiya inayopanga toleo huweka tarehe ya kusitisha mabadiliko na orodha ya kasoro za kurekebisha kabla ya kutoa. Inapaswa kuongeza masharti mawili yenye nguvu ileile: kiasi cha data ambacho mtumiaji atapakua kwa mwaka kijulikane mapema, na kila kifurushi kiweze kunakiliwa na seva yoyote iliyo tayari. Miaka ishirini ya Linux nchini Uganda inaonyesha kwamba bila masharti hayo, programu iliyo huru kwa leseni inabaki kuwa mali ya mwenye intaneti ya bei nafuu.