Sampla, kompyuta na ngoma za Kiegei

Wadau, ule ubishi wa mashine na kompyuta nimekutana nao hadi Kiegei, huku kusini mkoani Lindi. Kijana anayetengeneza midundo kwa kompyuta mpakato aliniambia prodyuza wa kweli ni mwenye MPC, wengine wanabahatisha tu. MPC yenyewe hajawahi kuigusa! Nikaona huu ni ugomvi wa kuazima, bora tuangalie ulikotoka.

MPC60 ilitoka mwaka 1988, kazi ya Mmarekani Roger Linn na kampuni ya Akai ya Japani. Ilikuwa na pedi 16 za kupiga kwa vidole, na nafasi ya kuhifadhi sauti ya sekunde 13 tu, ukiipanua, 26. Mwaka mmoja kabla, E-mu walikuwa wametoa SP-1200, yenye sekunde 10. Kwa nafasi finyu hivyo, vijana wa New York walichezesha santuri kwa kasi ili kipande kiingie, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Ule ukwaruzo unaosifiwa leo kama ladha ulianza kama ubahili. Na vidole vilikuwa na kazi kweli: MPC ya J Dilla, aliyefariki mwaka 2006, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Bongo tulipita njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alichana Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice. Uswahilini, watu wa mchiriku walikuwa na vinanda vidogo vya Casio, ngoma na spika za honi. Kisha ikaja FruityLoops ya Wabelgiji, mwishoni mwa 1997 (tangu 2003 inaitwa FL Studio), ikapita mkono kwa mkono kwenye CD na flashi, leseni hakuna aliyeiulizia. Wengi wetu sampla tuliiruka kabisa.

Matokeo yake ni singeli. Madijei wa Dar walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200, hata 300 kwa dakika, kwa programu za kompyuta tu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na Ulaya wakasikia. Kazi ni ileile ya sampla, sema hapakuwa na sampla.

Akai wenyewe walishasoma alama za nyakati. Walianza kuuza pedi tupu, zisizo na sauti, za kuchomeka kwenye kompyuta. Native Instruments wakaja na Maschine mwaka 2009. Mwaka 2017 Akai wakatoa MPC Live, inayojitegemea tena na yenye betri, lakini ukiifungua ndani ni kompyuta. Sasa tunabishania nini?

Kwangu mimi swali liko kwingine. Yule kijana wa Kiegei amekulia kwenye ngoma za jando na unyago, anazijua kwa mwili. Lakini nilipoangalia sauti za ngoma alizopanga kwenye kompyuta yake, nyingi zilikuwa za TR-808, mashine ya Roland ya Japani iliyotoka mwaka 1980. Ngoma ya jirani yake hakuna hata moja. Simu ya kurekodia anayo mfukoni, na wapigaji niliowaona mimi ni wazee.