Mafuta ya kahawia: Tanuri la mwili linalochoma sukari

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanaposikia habari za mafuta ya mwilini hufikiria kitambi, unene na maradhi ya moyo. Hata hivyo, si mafuta yote yenye tabia hiyo. Mwilini mna aina mbili kuu: mafuta meupe, ambayo ni ghala la chakula cha ziada, na mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake ni kukichoma chakula hicho ili kuupatia mwili joto.

Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watafiti wa ugonjwa wa kisukari kuyatazama mafuta ya kahawia kwa matumaini, kwa kuwa tanuri hilo hutumia pia sukari iliyomo katika damu.

Rangi yake hutokana na wingi wa mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli, ambavyo vina madini ya chuma. Katika seli nyingine vinu hivyo hugeuza chakula kuwa nguvu ya kufanyia kazi. Katika mafuta ya kahawia mna protini iitwayo UCP1, ambayo huifanya nishati hiyo itoke ikiwa joto.

Mtu anapopatwa na baridi, ubongo hupeleka taarifa kupitia mishipa ya fahamu, na kemikali ya noradrenalini huyaamsha mafuta hayo. Huanza kuchoma akiba iliyomo ndani yake, kisha hufyonza sukari na mafuta mengine kutoka katika damu.

Wanaoyahitaji zaidi ni watoto wachanga, ambao hawawezi kutetemeka vya kutosha kujipasha joto. Wao hutegemea mafuta ya kahawia yaliyoko katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Watoto njiti huzaliwa wakiwa nayo machache.

Mtoto mchanga akipatwa na baridi huimaliza upesi akiba yake ya sukari, na sukari ikishuka mno ubongo wake huweza kudhurika. Ndiyo maana mtoto hukaushwe mara anapozaliwa na kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri pia asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mafuta hayo hutoweka mtu anapokua. Imani hiyo ilibadilika Aprili 2009, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilipochapisha tafiti tatu zilizoyaonyesha kwa watu wazima, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Katika utafiti wa Uholanzi, vijana 24 walikaa kwenye baridi ya nyuzi 16 za Selsiasi, na mafuta hayo yalionekana yakifanya kazi kwa 23 kati yao.

Mwaka 2015, watafiti wa Uholanzi walieleza kuwa wagonjwa wanane wa kisukari cha aina ya pili waliokaa kwenye baridi ya nyuzi 14 hadi 15, saa sita kwa siku kwa siku 10, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi kwa asilimia 43. Lakini sehemu kubwa ya sukari hiyo ilichukuliwa na misuli, si mafuta ya kahawia.

Mwaka 2021, uchunguzi wa picha za wagonjwa zaidi ya 52,000 jijini New York ulionyesha kuwa kisukari cha aina ya pili kilikuwapo kwa asilimia 4.6 ya walioonekana kuwa na mafuta hayo, dhidi ya asilimia 9.5 ya wengine. Takwimu hizo zinaonyesha uhusiano tu. Hazithibitishi kuwa mafuta hayo ndiyo kinga.

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu kisukari kwa kuyaamsha mafuta ya kahawia. Wala kuoga maji ya baridi si mbadala wa insulini au vidonge. Baridi kali hupandisha shinikizo la damu, na mgonjwa mwenye ganzi miguuni anaweza kuumia bila kujua.

Kwa mgonjwa, lililo salama ni kuendelea na dawa alizoandikiwa, mlo unaofaa na mazoezi, kwani misuli inayofanya kazi ndiyo mlaji mkubwa wa sukari mwilini.