Ekuteri za kuziba makelele safarini: namna ya kuchagua bila kuharibu masikio

Saa kumi na mbili za asubuhi taksi-basi imekwisha kujaa. Injini inanguruma, konvoyeri anaita watu, muziki wa dereva unapiga, na abiria wa kiti cha nyuma anataka tu kusikia habari za redio. Anafanya kile ambacho wengi wanafanya: anapandisha sauti ya telefone mpaka mwisho. Akishuka, masikio yanalia "nziii".

Ule mlio si wa kuchekesha. Ni alama kwamba sikio limechoshwa. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo ambazo zinapokea sauti. Zikifa kwa sababu ya makelele, haziote tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Kwa mtoto ni desibeli 75. Sauti ikifika desibeli 90, muda ule wa mtu mzima unashuka mpaka saa 4 tu kwa juma. Mtu anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku sita, anafikisha saa 12. Kwa desibeli 90 amekwisha kupita kipimo mara tatu.

Ndiyo maana ekuteri za kuziba sikio zina faida. Kazi yake si kupiga kwa nguvu zaidi. Ni kufunga mlango wa makelele ya inje, ili mtu asikie vizuri hata kama sauti iko chini.

Tofauti iko wapi?

Ekuteri za kawaida za plastiki ngumu zinakaa mlangoni mwa sikio. Makelele yanapita pembeni, na mwenye kusikiliza anaongeza sauti ili ayashinde. Zile za kuziba zina kizibo cha mpira laini ama cha sponji kinachoingia kidogo ndani ya tundu la sikio.

Kizibo ndicho kinachofanya kazi kubwa, kuliko jina lililoandikwa kwenye katoni. Ekuteri nzuri huuzwa na vizibo vya saizi mbili ama tatu, kwa sababu masikio ya watu hayalingani. Hata kwa mtu mmoja, sikio la kushoto linaweza kuomba saizi tofauti na la kulia. Mpira unasafishika kwa urahisi na unadumu. Sponji inaziba vizuri zaidi, hasa mngurumo wa injini, lakini inachakaa upesi na inashika uchafu. Inabanwa kwanza kwa vidole, inaingizwa, kisha inashikiliwa kidogo mpaka ivimbe.

Namna ya kujaribu sokoni

Muuzaji akisema "Hii ni orijinali, mama, chukua tu", mnunuzi asikimbilie kutoa franka. Ajaribu na telefone yake mwenyewe, palepale penye makelele ya soko, sauti ikiwa katikati.

Kwanza, avute sikio kidogo juu na nyuma, aingize kizibo, halafu aachilie. Kizibo kikikaa sawa, makelele ya soko yanapungua mara moja, na sauti yake mwenyewe akisema inasikika nzito kama mtu aliye ndani ya pipa. Ngoma nzito za muziki zikikosekana, kuna nafasi inayovujisha: abadilishe saizi. Kizibo kikiuma, hicho ni kikubwa.

Pili, asikilize pande zote mbili. Upande wenye herufi L ni wa kushoto, wenye R ni wa kulia. Tatu, apindishe waya polepole karibu na pini na karibu na kila sikio. Sauti ikikatika-katika, airudishe, kwa sababu waya hukatikia hapo. Mwisho, aangalie kama pini inaingia kwenye telefone yake: tundu la duara la milimita 3,5 na tundu bapa la USB-C haviingiliani.

Yenye waya ama ya Bluetooth?

Kwa mpenzi wa redio, jibu mara nyingi ni yenye waya. Telefone nyingi zenye redio ya FM zinatumia waya wa ekuteri kama anteni. Bila huo waya, redio inakataa kufunguka ama inakwaruza. Bluetooth haiwezi kufanya kazi hiyo. FM pia haili megabaiti, na ekuteri ya waya ya kawaida haiombi kuchajiwa, jambo kubwa pale ambapo umeme unakuja na kwenda.

Kuna ekuteri zenye uwezo wa kupambana na makelele kwa umeme. Maikro ndogo inasikia mngurumo, na ekuteri inatoa sauti ya kinyume inayoupunguza. Zinasaidia sana kwa mlio usiobadilika, kama injini ya boti kati ya Goma na Bukavu ama gari-moshi inayotoka Kindu kuelekea Katanga. Lakini bei yake iko juu, na betri ikiisha kinabaki kizibo peke yake. Kizibo kikikaa vibaya, hata zile za bei kali hazisaidii vya kutosha.

Wapi pa kuziondoa

Sikio lililozibwa halisikii honi vizuri. Motari asivae hata moja, na abiria wake vilevile. Anayetembea kando ya barabara ama anayevuka aziondoe zote mbili. Kwenye boti, ziondolewe wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na ziwa likichafuka, ili maneno ya wafanyakazi wa boti yasikike. Kwenye kizuizi cha barabarani ziwe mfukoni kabla gari halijafika: mtu asiyesikia akiambiwa "simama" anaweza kudhaniwa amekataa amri.

Kuzitunza

Vizibo vioshwe mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Sponji ikichakaa ibadilishwe. Ekuteri za kuingia sikioni haziazimwi, hata kwa ndugu, kwa sababu zinaweza kupitisha vijidudu. Sikio likiuma, likitoa usaha ama likiendelea kulia kwa siku nyingi, mtu aache kuzivaa na aende kituo cha afya. Asilichokonoe kwa kijiti.

OMS inashauri sauti isipite asilimia 60 ya nguvu ya telefone. Kizibo kikikaa vizuri, hata ndani ya taksi-basi iliyojaa, wengi hawatahitaji kufika hapo. Anayelazimika kupita kila siku abadilishe kizibo kwanza, kabla ya kugusa kitufe cha sauti.