Pikapu: Marekebisho madogo yenye faida, na yale yanayohatarisha maisha

PIKAPU ni gari la kazi. Asubuhi hubeba mchanga, mchana saruji, jioni ndizi au mkaa, na mwisho wa wiki hupeleka viti na maturubai kwenye harusi au msiba.

Kwa sababu hiyo, ni nadra kuikuta pikapu iliyokaa miaka miwili mikononi mwa mfanyabiashara ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Mmoja huifunga keria, mwingine huongeza springi, mwingine taa, na wengine huchomelea bampa ya chuma nzito mbele na nyuma.

Baadhi ya marekebisho hayo ni rahisi, hugharimu fedha kidogo na mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani akiwa na spana, drili na muda wa nusu siku. Mengine, ingawa huonekana kuwa ya kawaida katika gereji nyingi, huliongezea gari uwezo wa kubeba bila kuliongezea uwezo wa kusimama.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo ambayo kila mmiliki wa pikapu anapaswa kuifahamu kabla ya kushika spana.

Uzito kwanza

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Katika nguzo ya mlango wa dereva, ndani ya kava la injini au katika kitabu cha gari, huwa kuna maandishi ya mtengenezaji yanayoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na mzigo vikiwa pamoja. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho kiasi ambacho gari linaweza kubeba.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba katika kiasi hicho wamo pia watu, na kila kitu kilichofungwa baada ya gari kununuliwa.

Chukua mfano wa pikapu yenye uwezo wa kubeba kilo 1,000. Dereva na wapakiaji wawili wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 210. Keria, bampa ya chuma na sanduku la vifaa vikiwa na jumla ya kilo 120, zinabaki kilo 670. Hiyo ni mifuko 13 tu ya saruji ya kilo 50, wala si 20 kama wengi wanavyodhani.

Pipa moja la maji la lita 200 lina uzito wa kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe. Mchanga mkavu wa mita moja ya ujazo hukaribia kilo 1,600, na ukilowa huzidi hapo.

Mizani za barabara kuu zimewekwa hasa kwa ajili ya magari ya uzito wa kuanzia tani 3.5, hivyo pikapu nyingi hupita bila kupimwa. Maana yake ni kwamba mara nyingi hakuna anayeupima mzigo huo isipokuwa mwenye gari mwenyewe.

Springi na siri ya breki

Marekebisho yanayopendwa kuliko yote ni kuongeza springi. Pikapu nyingi, ikiwamo Toyota Hilux iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, hutumia nyuma springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Fundi huongeza chuma kimoja au viwili, na gari lililokuwa likididimia husimama wima.

Hata hivyo, kilichoongezeka hapo ni ugumu wa springi pekee. Ekseli, beringi, matairi na breki vimebaki vilevile.

Aidha, pikapu nyingi zina kifaa kidogo cha breki kilichounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambacho hutambua umbali uliopo kati ya chasisi na ekseli. Gari likididimia kwa mzigo, kifaa hicho huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, huipunguza ili magurudumu hayo yasijifunge na gari likaserereka.

Springi ikiongezwa, gari halididimii tena. Kifaa hukaa kana kwamba gari ni tupu na kuibana breki ya nyuma, ilhali tani nzima imo ndani ya bodi. Kazi ya kulisimamisha gari huangukia breki za mbele.

Katika barabara tambarare, dereva anaweza asitambue lolote. Lakini katika mteremko mrefu kama Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida, breki hizo hupata moto hadi zikalegea. Ikumbukwe kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa na breki huongezeka mara nne.

Kwa hiyo, anayelazimika kuongeza springi amtake fundi arekebishe kifaa hicho kwa vipimo vya mtengenezaji. Pia springi iliyovunjika isichomelewe kamwe, kwa kuwa moto huondoa ugumu wa chuma hicho na kitakatika tena pembeni ya pale palipochomelewa. Ibadilishwe.

Sakafu ya bodi

Marekebisho yenye faida ya haraka ni ya sakafu. Mpira mzito uliokatwa kwa vipimo vya bodi huzuia mzigo usiteleze, hupunguza kelele na hulinda rangi. Baadhi ya watu hutumia vipande vya mikanda ya mpira ya mitambo iliyokwisha kazi, ambayo hudumu kwa miaka mingi.

Kabla ya kuutandika, sakafu ioshwe, ikauke, na kutu yote isuguliwe kwa msasa kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Katika miji ya Pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ina chumvi, maji yanayotuama chini ya mpira huila sakafu bila mwenye gari kujua. Ni vyema mpira uinuliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwezi.

Vishikizo vya kamba

Pikapu nyingi za kazi zina kulabu ndogo za nje ambazo hutosha kufunga turubai, lakini hazitoshi kuzuia friji, pipa au injini ya mashine ya kusaga. Vishikizo vinne imara ndani ya bodi, kimoja kila pembe, huondoa tatizo hilo.

Bati la bodi ni jembamba. Boliti ikipitishwa humo peke yake, mzigo ukivuta italichana. Dawa yake ni kuweka chini ya bati kipande cha chuma bapa cha upana wa kiganja, ili nguvu isambae. Palipo na nafasi, vishikizo vifungwe kwenye boliti zinazounganisha bodi na chasisi.

Kabla ya kutoboa, mtu achungulie chini ya gari. Huko hupita mabomba ya breki, bomba la mafuta na nyaya za umeme. Tundu likishatobolewa, kingo zake zilainishwe kwa tupa na kupakwa rangi siku hiyohiyo. Chasisi yenyewe isitobolewe wala kuchomelewa bila ushauri wa fundi mwenye ujuzi, kwani ndiyo uti wa mgongo wa gari.

Taa za ziada

Taa za ziada husababisha hitilafu nyingi za umeme, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: waya mwembamba uliounganishwa na waya wa taa za kawaida, bila fyuzi.

Hesabu yake ni nyepesi. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 za betri, unapata takriban ampea 9.2. Mzigo huo unahitaji waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15.

Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei, kisha uende kwenye taa. Swichi ya ndani iendeshe rilei tu, ili umeme mkubwa usipite katika dashibodi. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa.

Kila mahali waya unapopenya bati, pawekwe mpira wa kuzuia usikwaruzwe. Na kabla ya kazi yote kuanza, waya wa hasi wa betri uondolewe.

Fyuzi ikikatika, kuna sababu. Tabia ya kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara huufanya waya wote ulio nyuma yake kuwa ndiyo fyuzi, nao ukiungua huungua pamoja na gari.

Kuonekana usiku

Lori au pikapu ikiharibika usiku, madereva wengi hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Ni desturi ya muda mrefu, lakini majani hayaakisi mwanga, na dereva mwenye mwendo huyaona akiwa ameshayafikia.

Ukanda mwekundu unaoakisi mwanga, ukibandikwa kwenye mlango wa nyuma wa bodi na kwenye bampa, hufanya kazi hata betri ikiwa imekufa. Sehemu ya kubandika ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti na iachwe ikauke, vinginevyo utabanduka baada ya mvua chache. Pembetatu mbili za kuakisi zipatiwe mahali pa kudumu nyuma ya kiti, zisizikwe chini ya mzigo.

Jambo jingine ni kwamba pikapu ikipakiwa, nyuma hushuka na taa za mbele huinuka, zikawapofusha wanaokuja. Magari mengi yana kirekebisho cha taa hizo. Kukitumia hakugharimu kitu.

Matairi

Tairi lina namba inayoeleza uzito linaoweza kubeba, iliyoandikwa ubavuni baada ya vipimo vyake. Namba 91 ni kilo 615, namba 100 ni kilo 800, na namba 112 ni kilo 1,120. Anayeifunga pikapu matairi ya gari dogo kwa sababu yameingia kwenye ringi, ameupunguza uwezo wake hata kama springi zimeongezwa.

Kwa upande mwingine, matairi makubwa kuliko ya awali hudanganya kipima mwendo. Mzunguko wa tairi ukizidi kwa asilimia 5, kipimo kinapoonyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda 84.

Mlango wa nyuma

Wapo wanaoamini kuwa kuuondoa mlango wa nyuma wa bodi, au kuuacha wazi, hupunguza matumizi ya mafuta. Ukweli ni kwamba ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kufanya kama mto, na upepo mkuu hupita juu yake. Mlango ukiondolewa, mto huo huvurugika, na mzigo hupoteza kizuizi chake. Afadhali ubaki mahali pake, na minyororo yake ikaguliwe.

Watu si mzigo

Rekebisho moja halina namna salama ya kufanyika nyumbani: kuchomelea mabenchi nyuma ili kubeba watu. Benchi la aina hiyo halina mkanda wala paa linaloweza kuhimili gari likipinduka. Aidha, watu waliokaa juu ya ukingo wa bodi huinua uzito wa gari, nalo hupinduka kwa urahisi zaidi katika kona.

Nchini Tanzania, matumizi ya magari barabarani husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake. Mmiliki anayekusudia kubadilisha jambo lililoandikwa kwenye kadi ya gari, kama vile rangi, injini au aina ya bodi, anapaswa kuulizia kwanza Mamlaka ya Mapato na polisi wa usalama barabarani. Kampuni ya bima nayo ijulishwe, kwani gari lililobadilishwa kimyakimya linaweza kuzua ubishi siku ya kudai fidia.

Baada ya kazi

Chochote kilichofungwa kwa boliti hulegea baada ya safari za kwanza, hasa katika barabara za vumbi. Ikishatimia takriban kilomita 100, nati zote mpya zikazwe tena, nyaya ziguswe kuona kama zina joto, na gari lijaribiwe breki likiwa na mzigo, katika mahali pa wazi na mwendo mdogo.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio unaofaa ni huu: ukanda wa kuakisi na pembetatu, vishikizo vinne vya kamba, matairi yenye namba sahihi, mpira wa sakafu, na mwisho kabisa taa za ziada. Bampa ya chuma na keria vinaweza kusubiri.

Pikapu ya namna hiyo haitageuza shingo za watu mtaani, lakini itafikisha mzigo, na dereva atarudi nyumbani.