Makumbusho ya Arusha

Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, lina makumbusho mawili ya taifa. Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yamo katika jengo la Kaloleni ambamo viongozi wa chama cha TANU walikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio hilo la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Ni jengo dogo kuliko uzito wa yaliyoamuliwa humo. Picha zake zinafaa kutazamwa pamoja na mzee aliyeyaona mambo hayo. Makumbusho ya Historia Asilia yamo ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, na yanaeleza chimbuko la binadamu. Familia zenye watoto huunganisha ziara na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye mbega na maziwa ya Momella yenye heroe.