Stenlesi ya Sheffield na biti zilizovunjika

Mdogo wangu ananiuliza kwa nini biti zinamvunjikia kila akitoboa bamba la stenlesi. Hata mimi nilipoanza kazi hapa Sheffield nilivunja tatu asubuhi moja, msimamizi ananitazama.

Mambo yalianzia mji huu huu. Mwaka 1913 Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akachanganya na kromi karibu 13%, akapata chuma kisichoshika kutu. Mafundi wa visu wa mwanzo kiliwaharibia zana. Mwaka 1924 W. H. Hatfield, naye wa hapa hapa, akaleta chenye kromi 18% na nikeli 8%, hiki cha masufuria na masinki. Hakitaki papara: biti ikizunguka bila kula inakisugua tu, nacho kinazidi kuwa kigumu palepale.

Basi mdogo wangu, tumia biti kali ya kobalti, mwendo wa polepole, mafuta, na ukandamize bila kulegeza. Ikikaribia kutokea upande wa pili, punguza nguvu, maana hapo ndipo zangu zilipokatikia. Nisalimie mama.