Mchaguzi wa Vitabu

Golbanti ni kijiji cha kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Mto ufurikapo, njia hukatika. Je, msomaji wa mahali kama hapo atapata wapi kitabu, na ni nani atakayemwambia kipi kinamfaa?

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Mbali na kutoa vitabu, ilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni, na wasomaji wa mbali iliwaazima kwa njia ya posta. Hivyo mkutubi aliyejaza sanduku ndiye aliyewachagulia watu asiowaona. Asipowajua, angewezaje kuchagua vema?

Mwaka 1965 Kenya ilitunga sheria ya kuunda bodi ya maktaba za taifa. Mwaka 1996, huko Garissa, upande wa juu wa mto uo huo, ngamia walianza kuwachukulia wafugaji vitabu. Mchukuzi alibadilika, lakini swali halikubadilika: kitabu gani, na kwa nani?

Basi, ewe mwanafunzi, uingiapo maktaba mwambie mkutubi ulichokisoma na kilichokupendeza. Kuuliza si ujinga. Na mshauri asiyeambiwa haja hawezi kushauri.